Kiti cha Nyuma cha Kiberenge

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya karakana ya fundi bati, pale kwenye kona inayotazama geti la stesheni ya zamani. Kila asubuhi, jua likishapanda kiasi cha kukausha ubao, wenyewe walifika. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye watu walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alikaa mwanzo. Katikati alikaa Gia, dereva wa malori aliyestaafu, mtu mnene ambaye kila akizungumzia safari mguu wake wa kushoto ulikanyaga klachi isiyokuwepo. Mwisho kabisa, upande wa kivuli, alikaa Fundi Saa na kisanduku chake cha vibanio, mtu wa maneno ya kuhesabu, aliyehamia mtaani miaka kumi na miwili iliyopita. Kahawa ilikuwa ya Shangazi. Alikuwa shangazi wa kweli wa fundi bati, dada wa marehemu baba yake, ila kwa kuwa alimmiminia kila mtu, kila mtu alimwita hivyo. Na fundi mwenyewe, ambaye jina lake lilishaliwa na kazi likabaki Bati tu, hakukaa benchini. Alikaa mlangoni kwenye kigoda, mkasi mkononi, akifanya kazi huku masikio yakiwa nje.

Wiki hiyo hakuwa anatengeneza ndoo wala karai. Alikuwa anatengeneza kiberenge.

Zamani palikuwa na reli nyembamba, upana wake hatua moja ya mtu mzima, iliyotoka stesheni hiyo ikapanda milimani hadi kwenye kiwanda cha mbao. Treni ndogo ya magogo ndiyo iliyopita humo, lakini watu walisafiri kwa kiberenge: bodi ya basi iliyowekwa magurudumu ya chuma, pua ya lori mbele, viti kumi na viwili ndani. Kilikuwa kimoja tu. Kilipoanguka darajani, mabaki yake yaliuzwa kama chuma chakavu, na miaka michache baadaye reli nayo ikang'olewa. Sasa ilikuwa imepita miaka thelathini na moja. Stesheni ilitaka kufungua chumba cha kumbukumbu, na msimamizi akamwandikia Bati barua kumwomba mfano wa kiberenge, urefu wa kiwiko hadi ncha ya vidole. Picha haikupatikana hata moja. Ramani yake ilibaki vichwani mwa watu, na vichwa vya watu ndivyo hivyo.

Bati alikubali siku hiyohiyo. Wenzake walidhani ni sifa za kazi. Hawakujua kuwa nyuma ya barua ile palibanwa karatasi ya pili, yenye maneno ya kadi itakayowekwa chini ya mfano. Alikuwa ameisoma mara moja, akaikunja, akaifungia kwenye droo ya misumari, Shangazi asije akaiona.

Mabishano ya kwanza yalikuwa ya kugeuza.

— Tatizo la kile kitu, — Redio alisema, — kilikuwa na kichwa kimoja. Mbele pua ya lori, nyuma kitako cha basi. Kikifika juu kinageukaje? Reli haina mahali pa kukata kona ukarudi ulikotoka.

— Kinarudi kinyumenyume, — Gia alijibu. — Mimi nimewahi kurudi kinyumenyume kilomita nne, kwenye tope, na shehena ya saruji.

— Saa mbili za mteremko kinyumenyume? Dereva angekuwa na shingo ya bundi.

— Wewe sema basi.

— Abiria walishuka wakakibeba. Wote. Wanakiinua, wanakigeuza, wanapanda tena. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Huyo ni chawa, Redio. Hizi ni tani nne.

— Basi kulikuwa na sumaku. Nimesikia kwa mteja wangu mmoja, baba yake alikata mbao kule. Wazungu walichimbia sumaku kubwa chini ya ardhi, kiberenge kikifika kinavutwa pua, kinazunguka chenyewe kama dira.

— Na vijiko vya wapishi wa kiwandani navyo vilizunguka?

— Ndiyo maana walikula kwa mikono, — Redio alisema bila kupepesa, na hata Shangazi akageuza uso kuficha tabasamu.

— Jeki, — alisema Fundi Saa.

Wote wakamtazama. Alikuwa na kioo cha kukuzia jichoni na hakukiondoa.

— Chini ya tumbo lake palikuwa na jeki moja nene, katikati kabisa. Unaizungusha kwa mkono, kiberenge kinanyanyuka chote, magurudumu yanaachana na reli. Watu wawili wanakisukuma, kinazunguka juu ya mguu huo mmoja. Kisha unakishusha. Ukikisawazisha vizuri, hata mwanamke mjamzito angeweza kukigeuza.

Bati aliacha mkasi.

— Mzee wangu, kumbe ulikipanda?

— Nilikipanda, — Fundi Saa alisema, kisha akainamia saa ya mtu.

Bati aliamini. Alikuwa ametafuta tangu barua ifike mtu aliyekumbuka jambo kwa namna ile, bila chumvi. Mchana huo alikata bomba jembamba la shaba, akalichomelea chini ya sakafu ya bati, katikati kabisa. Alipoliegemeza mezani, kiberenge kilisimama juu ya mguu mmoja, akakizungusha kwa kidole. Kilizunguka. Alikaa akikitazama muda mrefu. Baba yake, dereva wa kiberenge, alikuwa amekigeuza hivyo kila siku ya Mungu kwa miaka sita, na yeye mwanawe hakuwahi kujua.

Alikuwa na miaka tisa baba yake alipokufa na kile kiberenge. Watu wanne waliokuwa ndani walikufa pamoja naye. Uchunguzi ulichukua siku tatu, ukasema dereva alikimbiza chombo. Mtaani hawakuishia hapo, wakasema alikuwa amelewa, ingawa hakuna aliyewahi kumwona na chupa. Shuleni Bati aliitwa mtoto wa muuaji hadi alipoacha shule. Mama yake alidhoofika akafa kabla ya miaka mitatu kwisha. Na Shangazi, ambaye wakati huo alikuwa ameshaposwa na siku imeshapangwa, alivunjiwa posa na wazee wawili wa upande wa mchumba, waliokataa hata kukaa. Hakuolewa kamwe. Alimchukua mtoto wa kaka yake, akanunua birika, maisha yakaendelea.

Haya hayakuzungumzwa benchini. Redio, ambaye angeweza kukueleza ugonjwa wa kuku wa jirani, alijua pa kunyamaza.

Siku ya nne kiberenge kilikuwa na madirisha sita kila upande, taa mbili za mbele, na pua iliyopinda vizuri. Gia alikuwa ametoa ushauri wa pua hadi akasimama kuonyesha kwa tumbo lake. Bati akakata kipande cha mraba, akakiweka nyuma kuziba.

Fundi Saa aliweka kibanio chini. Akainuka benchini, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi kabla ya saa sita, akaja mlangoni.

— Nyuma hapakuwa hivyo, mwanangu.

— Palikuwaje?

— Palikuwa na kibaraza cha nje, nusu mita. Kiti cha chuma, kimoja, kinatazama mbele kwa juu ya paa. Na mbele ya kiti, gurudumu la breki, limelala hivi. Mnyororo unashuka kwenye magurudumu ya nyuma.

Akafungua kiganja. Ndani palikuwa na gurudumu dogo la meno, la shaba, alilolitoa kwenye saa ya mezani iliyokufa. Alikuwa ameliandaa tangu nyumbani, ameshalisugua likang'aa.

— Ngoja kwanza, — Gia alisema kutoka benchini. — Breki ya nyuma ilikuwa na mtu wake?

— Ilikuwa na mtu wake.

— Na mguu wa dereva ulifunga wapi?

— Mbele tu.

Mguu wa Gia, uliokuwa umekanyaga hewa, ulibaki hapohapo.

— Mteremko ule, — alisema taratibu. — Uzito wote uko nyuma unakusukuma. Na wewe una breki ya mbele tu. Reli imelowa. Hapo hata mimi...

Akautua mguu chini.

— Mbio za sakafuni huishia ukingoni, — Redio alisema, kwa kuwa kimya kilimkera na methali ilikuwa karibu. Kisha akasikia alichosema. Akatazama mkono wa Shangazi ulioshika birika, akasema kwa sauti ya chini: — Nisamehe, Shangazi. Ulimi huu.

— Kunywa kahawa yako, — Shangazi alimwambia.

Bati alifungua tena sehemu ya nyuma. Alikata kiti kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, akakichomelea, akaweka lile gurudumu la shaba mbele yake. Mikono yake ilikuwa imezoea mikebe na karai, na kazi hiyo ilimtoa jasho. Fundi Saa alisimama pale hadi risasi ya kuchomelea ikapoa. Alipogeuka kurudi kivulini, Bati aliona anatembea kama mtu aliyebeba kitu kizito kichwani.

Kesho yake, kabla kikombe cha pili hakijamiminwa, mwanamke kijana alivuka barabara kutoka geti la stesheni, na faili kifuani. Alisalimia kwanza wakubwa, kisha akajieleza. Alikuwa karani mpya. Msimamizi alimtuma akitazame kiberenge, na ahakikishe maneno ya kadi kabla hayajaenda kuchapishwa.

— Maneno nimeshayasoma, — Bati alisema upesi. — Yaache tu humo ndani.

— Nimeambiwa niyasome kwa sauti, fundi, tusikie kama kuna kosa, — karani alisema, na kabla Bati hajasimama alikuwa ameshaanza: — Kiberenge hiki kilisafirisha watu kati ya stesheni na kiwanda cha mbao. Kilianguka kwenye daraja la tatu kutokana na mwendo wa kasi na uzembe wa dereva. Watu watano walikufa, dereva mwenyewe akiwa mmoja wao.

Shangazi alikuwa anammiminia Gia. Aliendelea kumimina hadi kikombe kikajaa sawasawa, akainua birika, akalitua chini.

— Ulikuwa unajua, — alimwambia Bati.

— Nilijua, Shangazi.

— Ukawatengenezea?

— Wangempa mtu mwingine. Nilisema, kama watamwandika baba namna hiyo, basi angalau chombo chake kisitengenezwe na mtu asiyejali.

Karani alitazama mmoja, akatazama mwingine, akaelewa alipoingia. Aliona haya. Ili kuyaficha macho yake, akainama kukitazama kiberenge. Akapitisha kidole juu ya paa, akakishusha nyuma, kikasimama kwenye kiti.

— Samahanini, — alisema. — Huyu aliyekaa hapa nyuma alikuwa nani? Kwenye faili hayumo. Si kwenye waliokufa, si kwenye waliopona.

Gia alimtazama Bati, Bati akamtazama Redio, na Redio, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, hakuwa na mteja aliyemwambia lolote.

— Hakukaa mtu, — Fundi Saa alisema.

Aliondoa kioo jichoni, akakiweka kwenye kisanduku, akafunga kifuniko.

— Kilikuwa kiti changu. Nilikuwa mfunga breki, na siku ile sikukaa.

Alisimulia akiwa ameketi, mikono magotini, akitazama barabara. Wakati huo aliishi kule juu, kwenye kambi ya kiwanda. Asubuhi ile mkewe alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, na mkunga alisema mtoto amekaa vibaya. Kiberenge kilikuwa tayari kushuka. Alikwenda kwa dereva maneno yake hata hayaeleweki. Dereva alimsikiliza, akamwambia: Nenda kwa mkeo. Nitashuka taratibu. Mvua haikuwa imeanza. Ilianza nusu saa baadaye.

— Msimamizi wa kambi alinijia jioni, — alisema. — Akaniambia, ukitaja kwamba hukuwepo, wewe ndiye utakayefungwa. Yeye alitakiwa kuhakikisha kiti kina mtu kabla chombo hakijaondoka. Nilikuwa na mtoto aliyezaliwa saa chache tu kabla. Wachunguzi hawakuniita, na mimi sikwenda. Tukahama kambi mwezi uleule. Nilikwenda mbali, nikajifunza saa. Lakini mtu hahami akaiacha nafsi yake nyumba ya zamani. Mke wangu alipofariki nilikuja hapa. Niliposikia mwana wa dereva ni fundi bati kwenye kona, nikasema nitamwambia kesho. Kesho hiyo ndiyo miaka kumi na miwili.

Bati alikuwa amesimama. Hakujua alisimama lini. Mkasi ulikuwa mkononi mwake, akauona, akauweka juu ya meza kwa uangalifu. Alitaka kumshika mzee yule kola, na alitaka kumuuliza sauti ya baba ilikuwaje aliposema atashuka taratibu, na vitu hivyo viwili vilikataa kutengana.

— Mimi niliitwa mtoto wa muuaji, — alisema mwishowe.

— Najua.

— Hujui. Ulikuwa umekaa na saa zako.

— Ni kweli, — Fundi Saa alisema. — Sijui.

Shangazi alikuja akasimama mbele ya mzee. Alikuwa mwanamke mfupi, na kwa kuwa mwenzake ameketi, macho yao yalikuwa sawa. Gia alivuta pumzi, akidhani atampiga.

— Mtoto alipona? — Shangazi aliuliza.

Fundi Saa hakulitarajia swali hilo.

— Alipona. Wa kike. Ni mwalimu.

— Anajua habari hii?

— Hajui.

— Utamwambia wewe, asije akaisoma ukutani kama nilivyosomewa mimi leo.

— Nitamwambia.

— Kaka yangu hakuwa mlevi, — Shangazi alisema. Alimwambia Fundi Saa, lakini kwa sauti ya kufika hadi kwenye kibanda cha kinyozi na kupita. — Alikuruhusu.

— Aliniruhusu, mama. Hakuwa amekunywa kitu zaidi ya uji.

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Kisha akakaa benchini, mahali pa Redio, kwani Redio alishainuka kumpisha. Katika miaka yote ya birika lake hakuna aliyewahi kumwona ameketi pale. Alifunika uso na upindo wa kanga yake, mabega yakatikisika mara chache bila sauti. Bati akaenda akakaa upande wake, wakagusana mabega.

Karani alisubiri hadi ilipokuwa heshima kusema. Alikuwa ametoa kalamu.

— Mzee, haya uliyosema utayatia sahihi?

— Nitayatia. Wakinitaka, mahali nilipo panajulikana.

Akaandika, akamsomea, na Fundi Saa akatia sahihi kwenye goti lake, herufi zikiyumba. Karani akairudia ile karatasi ya kadi, akaufuta mstari wa katikati kwa mpigo mmoja wa kalamu. Kalamu ikasimama hewani.

— Sasa niandike nini hapa? — aliuliza. Hakuwa anamtega mtu, alitaka kujua tu. — Kosa nilitaje la nani?

Gia alisema la msimamizi wa kambi, kisha akajirudi: dereva ni dereva, ukishika usukani huwezi kusema hukujua. Redio akasema la mvua. Halafu akasema basi, ni la waliotengeneza breki, mguu huku, mkono kule. Halafu akasema damu ni nzito kuliko maji, akasikia alichosema, akatikisa kichwa. Fundi Saa alifungua mdomo kusema ni langu, na Bati akaona baba yake angemkatalia. Lakini wale wanne waliokuwa kwenye viti, ambao nao walikuwa na watoto waliobaki yatima wakiwa na miaka tisa, miaka mitano, hawakuruhusu mtu aende. Hawakuulizwa.

Barabarani mtu alipita na baiskeli, akawasalimia, hakujibiwa.

— Kosa liache, — Bati alisema. Sauti yake ilikwaruza, akaisafisha. — Andika kiti cha nyuma hakikuwa na mtu. Andika kwa nini, na andika dereva alimruhusu. Andika mvua. Halafu andika majina ya wote watano, la baba yangu liwe katikati yao, lisiwe chini.

— Nafasi ya kosa ibaki tupu?

— Ibaki.

Karani aliandika kwa mwandiko wa polepole, ulimi kwenye kona ya mdomo. Alipomaliza aliwasomea. Redio alivua kofia. Fundi Saa aliinamisha kichwa lilipotajwa kila jina, na aliyajua yote kabla hayajatajwa.

Shangazi alijifuta macho, akashusha kanga mabegani.

— Mwanangu, — alimwambia karani, — nisomee tena. Anzia mwanzo, na usiharakishe.